Yai la mnadani na kidole cha Tomaso

Ibada ya kwanza ilipotoka Jumapili iliyopita, mnada ulianza palepale kwenye ngazi za kanisa, kama ilivyo kawaida yetu huku Moshi. Palikuwa na mkungu wa ndizi mshare, jogoo aliyefungwa miguu, ndoo ya maparachichi, na kikapu cha mayai ya kienyeji ambacho mama mmoja alikileta kuwa sadaka ya shukrani. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi hajataja hata bei ya kuanzia, bibi mmoja mbele yangu akainama, akachukua yai, akalitikisa karibu na sikio, kisha akaliinua juani huku amefumba jicho moja. Akalirudisha, akachukua la pili.

“Bibi, hiyo ni sadaka jamani!” mnadi akamtania.

“Sadaka naijua, baba. Lakini yai viza halijui kama ni sadaka.”

Watu wakacheka. Bibi akayakagua yote kumi na mawili, akayachukua kwa shilingi elfu kumi, bei inayozidi ya dukani, maana pale kila mtu anajua anamtolea Mungu.

Dakika arobaini kabla ya hapo tulikuwa ndani, bibi yule na mimi na wengine wote. Mtu mmoja alipewa kipaza sauti atoe ushuhuda. Alisema alikuwa na kisukari kwa miaka sita, ameombewa, na sasa ana wiki tatu hajameza kidonge, mwili mwepesi, usingizi mzuri. Tuliitikia Amina, makofi yakafuata. Hakuna aliyeuliza kama amepima. Sikuuliza hata mimi, na kwa kweli makofi yangu yalikuwa miongoni mwa yale ya nguvu. Wiki nzima nimekuwa nikijiuliza kwa nini yai la bibi lilipata uchunguzi ambao uhai wa yule ndugu haukuupata.

Kiswahili kina maneno mawili yaliyotoka tumbo moja. Mahakamani mtu hutoa ushahidi, kanisani hutoa ushuhuda. Mzizi ni mmoja, wa Kiarabu, ndio uliozaa pia shahidi na shahada. Ila ndugu hawa wamelelewa nyumba tofauti. Anayetoa ushahidi huapishwa, kisha wakili wa upande wa pili humgeuza kama chapati: ulikuwa umesimama wapi, taa ilikuwa inawaka, uliona kwa macho yako au uliambiwa? Anayetoa ushuhuda hupewa kipaza sauti na wimbo wa kumsindikiza. Ukimuuliza swali moja tu, hata kwa upole, wewe ndiye utakayeombewa.

Nasaidia kufundisha kipaimara siku za Jumamosi, ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko linavyopaswa. Mwezi uliopita binti mmoja wa miaka kumi na minne alinyoosha mkono wakati tunapitia sehemu ya pili ya Imani, pale tunaposema “siku ya tatu akafufuka”. Akauliza, “Mwalimu, tumejuaje?” Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama anavyoweza kumuuliza mwalimu wa jiografia amejuaje kwamba Kilimanjaro ni mita 5,895. Kabla sijafungua mdomo, mwenzangu aliyekuwa amekaa nyuma ya darasa akadakia: “Usiwe Tomaso wewe!” Darasa likaangua kicheko, binti akakaa. Jumamosi iliyofuata hakuja.

Ajabu ni kwamba mafundisho yale yamejengwa juu ya kuuliza. Katekisimo Ndogo ya Luther, iliyotoka mwaka 1529, kila baada ya amri na kila baada ya sehemu ya Imani huuliza, “Maana yake nini?” Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walipofika huku mwaka 1893 na kuanza kazi Machame, walikuja na swali hilo mkobani, na tangu hapo babu zetu, wazazi wetu na sisi wenyewe tumelikariri mpaka linatutoka usingizini. Yule binti aliongeza swali moja tu mbele ya lile. Ukishajua maana yake nini, si ajabu kutaka kujua imejulikanaje.

Na huyu Tomaso tunayemfanya tusi, hebu asomwe vizuri. Katika Yohana sura ya 20, wanafunzi wenzake walikuwa wamejifungia ndani, Yesu akawatokea, akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Tomaso hakuwapo. Waliposimulia akasema, “Mimi nisipoziona mikononi mwake kovu za misumari, na kutia kidole changu katika mahali pa misumari, na kutia mkono wangu katika ubavu wake, mimi sisadiki hata kidogo.” Kwa kuona, alichotaka ni kilekile ambacho wenzake walikuwa wameshapewa bila kuomba. Cha kidole alikiongeza yeye, kwa hasira au kwa uchungu, sijui. Wale wengine waliamini baada ya kuona, na hatuwaiti majina.

Halafu kuna siku nane ambazo mahubiri huziruka. Andiko linasema baada ya siku nane walikuwa ndani tena, na Tomaso pamoja nao. Wiki nzima mtu asiyesadiki amekaa katikati ya watu wanaosadiki, wanakula pamoja, wanajifungia mlango mmoja kwa hofu moja, na hakuna aliyemtoa nje. Naye hakuondoka. Nilisoma sura hiyo mara nyingi bila kuliona hilo, mpaka yule binti alipokosekana darasani.

Yesu alipokuja alianza na kidole: lete hapa kidole chako, uitazame mikono yangu. Lile la “wa heri wale wasioona, wakasadiki” limekuja baadaye, na ndilo linalopendwa na kila anayetaka watu wanyamaze. Kumbe aliyelisema alikuwa amekwisha kuonyesha makovu.

Wengine hukimbilia Waebrania 11:1, “Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana.” Husema: umeona, imani yenyewe ndiyo bayana, unatafuta nini tena? Bayana ni neno la hukumu hilo, ni kitu kinacholetwa mbele ya hakimu ili jambo liwe wazi. Sioni namna neno kama hilo linavyoweza kutumika kufukuza maswali. Tena mwandishi huyohuyo hakuliacha likae peke yake. Sura nzima amepanga majina, Habili, Nuhu, Ibrahimu, Sara, na alipomaliza akawaita “wingu kubwa la mashahidi”. Mtu anayeita mashahidi anajua kesi inasikilizwa.

Sitetei kwamba kila kitu cha imani kiwekwe mezani kipimwe. Ninachosema ni kwamba tumekosea mahali pa kuweka maswali. Yale yanayopimika, kama sukari ya yule ndugu, tunayapitisha bila kuyapima. Lile gumu, ambalo hakuna kipimo chake, tunalizungushia ukuta na kumfokea anayelisogelea.

Wakazi wa mikoa hii hatuhitaji mifano ya mbali. Mwaka 2011 nchi nzima ilipanda kwenda Loliondo, kijijini Samunge, mkoa wa Arusha, kwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, ambaye wote tulimwita Babu. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500, na nauli ya kukifikia ilizidi bei hiyo mara nyingi. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa wakilala ndani ya Noah na Land Cruiser, na viongozi wa serikali nao walikwenda. Babu mwenyewe alifariki mwaka 2021, na sina neno baya la kumsema. Mzee aliyetoza bei ya soda hakuonekana kwangu kama mfanyabiashara. Lakini yaliyosemwa kuhusu kikombe kile yalikuwa madai yanayopimika kuliko madai yoyote ya dini. Kisukari hupimwa kwa tone la damu. Virusi vya UKIMWI hupimwa. Hapakuwa na fumbo la teolojia pale, palikuwa na swali la kabla na baada. Watu wangapi tuliowaaga stendi walipima walipokwenda na wakapima waliporudi? Katika ninaowafahamu mimi, mmoja, shangazi yangu, na alipima kwa siri asije akaambiwa imani yake ni haba. Sukari ilikuwa palepale. Alirudia vidonge vyake, pia kwa siri. Hilo la pili ndilo linaloniuma.

Lingine nalitaja kwa heshima, kwa sababu limo ndani ya nyumba za watu. Jioni ya tarehe 1 Februari 2020, hapahapa Moshi, kwenye uwanja wa Majengo, watu waliokuwa wamekuja kwenye maombi walikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Wakakanyagana. Walikufa watu 20, wakiwemo watoto. Siku zile nilisikia mengi vijiweni, na mengi yalikuwa ya kuwacheka marehemu, eti wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye madeni, wenye watoto wasiopona, wenye kesi za mashamba zisizoisha, na mtu mwenye kipaza sauti aliwaahidi. Miongoni mwao bila shaka walikuwamo wanaotikisa yai kabla ya kulinunua. Ila pale uwanjani mazingira yenyewe yalikuwa yamewafundisha kwamba kusita ni kukosa imani. Ukisita unapitwa na muujiza. Na umati ambao kila mmoja anaogopa kusita hauwezi kusimama mlangoni.

Sasa, kama tunataka mfano wa namna ya kushughulika na uponyaji, tunao, na hautoki kwa wapagani. Katika Marko sura ya 1 Yesu anamponya mwenye ukoma. Hampi kipaza sauti. Anamkataza asimwambie mtu yeyote, anamwambia aende akajionyeshe kwa kuhani, atoe alichoamuru Musa, “iwe ushuhuda kwao”. Mambo ya Walawi sura ya 14 inaeleza shughuli ilivyokuwa: kuhani anatoka nje ya kambi, anamtazama mtu, anaona kama pigo limepoa, kisha mtu anafua nguo, ananyoa nywele, anakaa siku saba nje ya hema yake. Siku ya nane ndipo sadaka. Kuhani hapo anafanya kazi ya bwana afya. Kwa hiyo neno ushuhuda, katika kinywa cha Yesu mwenyewe, lilimaanisha kitu kilichopita kwa mkaguzi. Sisi ndio tuliolihamisha.

Wakatoliki, na hili nawapa mimi Mlutheri bila kinyongo, wamelishika hilo kuliko sisi. Pale Lourdes, Ufaransa, kuna ofisi ya madaktari ya kuchunguza wanaosema wameponywa, na imekuwapo tangu 1883. Daktari yeyote anaweza kushiriki, awe na dini au asiwe nayo. Waliokwenda kudai uponyaji ni zaidi ya 7,000. Mpaka mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua 70 kuwa miujiza. Ukitaka kusema hata hao 70 wana maelezo mengine ambayo sayansi haijafika, sema, ni haki yako. Mimi nashangazwa zaidi na wale maelfu walioambiwa kwa upole kwamba hatuna uhakika, na bado waliruhusiwa kurudi kusali. Nafikiria mchungaji wa huku akisimama Jumapili na kusema, “Ushuhuda wa wiki iliyopita tumeufuatilia, ndugu yetu sukari yake iko 15, tumempeleka kliniki, tuendelee kumwombea.” Angeshusha hadhi ya Mungu? Hospitali ya KCMC ipo pale juu, imefunguliwa 1971, imejengwa na makanisa. Kanisa letu limo katika wenye nyumba, na kwenye maabara yake hakuna anayeambiwa Tomaso.

Nisije nikaonekana napigia debe kila mwenye shaka. Kuna shaka la uvivu, na vijana wetu wengi walioacha kanisa Moshi mjini na Arusha wanalo hilo. Wanasema “leteni ushahidi” huku wameshapanga kukataa chochote kitakacholetwa. Mfano wake uko juu ya vichwa vyetu. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akitokea Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wetu ukiwa na weupe kileleni. Aliyekuwa akimwongoza njia aliuita weupe ule “baridi” tu, basi. Rebmann, mzaliwa wa nchi ya theluji, akaelewa ameona nini. Habari zilipochapwa London mwaka uliofuata, bingwa wa jiografia William Desborough Cooley akazikataa: theluji karibu na ikweta? Macho ya mmisionari yalimdanganya. Mwaka 1852 alichapa kitabu kizima kuhusu bara hili akiwa amekaa na ramani na maandishi ya wengine. Hakuwahi kuja huku.

Miaka mia moja kamili kabla ya safari ya Rebmann, mwaka 1748, mwanafalsafa David Hume wa Uskoti alikuwa ameandika insha juu ya miujiza, akamtaja mtoto wa mfalme wa Kihindi aliyekataa kusadiki habari za maji kugandishwa na baridi. Hume hakumlaumu. Alisema mtu yule alifikiri sawasawa, kwa kuwa jambo lile lilikuwa nje ya yote aliyoyaona maishani, na lilihitaji ushahidi mzito sana. Hapo namwelewa, na hata Cooley ningemwelewa kama angesema neno la mmisionari mmoja halitoshi, apelekwe mwingine. Kosa lake lilikuwa kufunga faili. Karl Klaus von der Decken, msafiri Mjerumani, alifunga mizigo, akaja. Mwaka 1862, pamoja na Otto Kersten, alipanda zaidi ya mita 4,000 na theluji ikawaangukia. Cooley na Decken walianza na swali moja, kuna theluji kweli? Mmoja alilijibia kwenye kiti, mwingine kwa miguu. Kijana anayeniambia kwamba Biblia imejaa uongo namuuliza tu ameisoma mpaka wapi.

Lakini mfano wa mlima una mwisho wake, na wahubiri wanaopenda kuutumia hawasemi unaishia wapi. Mlima ukifichwa na mawingu wiki nzima, kama unavyofanya msimu wa masika, Jumatatu utafunguka na mgeni ataoneshwa. Kaburi tupu halifunguki tena. Ufufuo ni jambo linalosemwa lilitokea asubuhi moja, mahali pamoja, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Von der Decken hawezi kutumwa huko. Tulichobaki nacho ni neno la mashahidi, na ndipo swali la yule binti linapokuwa zito kweli.

Ningemjibu nini? Ningeanza na Paulo, kwa sababu barua yake ya kwanza kwa Wakorintho iliandikwa kwenye miaka ya 50 ya karne ya kwanza, miongo miwili na kitu baada ya tukio. Anataja waliomwona Yesu: Kefa, wale Thenashara, kisha “ndugu zaidi ya mia tano pamoja; katika hao wengi wanaishi hata sasa”. Mtu anayesema mashahidi wangu wengi wako hai anakualika uende ukawaulize. Katika sura hiyohiyo anasema kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure. Ameweka shamba lote rehani juu ya jambo moja. Huo ni ujasiri, na unanigusa.

Kisha ningemwambia na yasiyonipendeza. Wale mia tano hawana majina, na Injili hazisimulii kikao chao. Injili ya Marko, katika nakala za zamani kabisa tulizo nazo, inakatika sura ya 16 mstari wa 8, wanawake wakikimbia kutoka kaburini kwa hofu bila kumwambia mtu neno, na mistari inayofuata haimo. Wachungaji waliosomea teolojia kule Makumira, karibu na Usa River, wanalijua hilo. Washarika hawaambiwi, kwa hofu kwamba watatetereka. Mtoto wao atalikuta kwenye simu siku moja, kwa mtu asiyempenda, na atadhani alifichwa. Atakuwa amedhani sawa.

Mimi naamini. Nikiulizwa kama nimethibitisha, jibu ni hapana, na sijawahi kukutana na mtu aliyethibitisha. Neno letu la kuamini linanisaidia hapo, kwa sababu tunalitumia pia dukani. “Mangi, niamini mpaka mwisho wa mwezi.” Mangi hukuamini kwa sababu daftari lake lina miezi uliyolipa, na pia ule wa Machi ambao ulichelewa ukaja kuomba radhi. Hana uthibitisho kwamba utalipa safari hii. Anao ushahidi wa namna ulivyo, halafu anakata shauri na kupima sukari kilo mbili. Kuamini kwangu ni kwa namna hiyo. Kuna kurasa zilizolipwa, kuna deni ambalo sijaona likilipwa, na baadhi ya siku nalifunga daftari kwa hasira.

Alhamisi nilikwenda nyumbani kwao binti, Pasua. Mama yake alinipokea kwa wasiwasi, alidhani nimekuja kushtaki. Binti akatoka chumbani, “Shikamoo mwalimu,” akiwa ameshika daftari la kaunta. Kumbe wiki zile hakuwa amekaa bure, alikuwa ameandika maswali saba kwa kalamu ya bluu, akapigia mstari kila moja. Matatu ya kwanza siyawezi, nimemwambia hivyo. Mchungaji amekubali tukae naye wote watatu Jumamosi baada ya darasa, ingawa aliguna kwanza. La nne linasema: “Hao mia tano nani aliwahesabu?”